Maji ya Kwanza ya Altare

Vitambaa vya altare havifuliwi kama nguo nyingine. Kile kidogo ambacho padre hufutia kikombe baada ya Komunyo, na kile cha mraba kinachotandikwa chini ya hostia, ule mkate wa Misa, huenda vikabaki na tone au chembe ya kile ambacho Wakatoliki tunakisadiki kuwa ni Mwili na Damu ya Kristo. Kwa hiyo hulowekwa kwanza katika maji matupu, bila sabuni. Maji hayo ya kwanza hayamwagwi mferejini pamoja na povu na takataka. Humwagwa ardhini, mahali pasipokanyagwa na mtu. Baada ya hapo ndipo vitambaa hufuliwa, hutiwa wanga, hupigwa pasi na kukunjwa.

Katika parokia yetu kazi hiyo ilikuwa ya mjane mmoja ambaye watu wote walimwita Mama Pasi. Siku za kazi alipiga pasi katika duka la dobi karibu na kituo cha mabasi, akisimama tangu asubuhi mbele ya meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu, na mikono yake ilikuwa na alama za kuungua kuanzia viganjani hadi kwenye viwiko. Jumamosi alikuja kanisani na beseni lake la bati. Wanakwaya wa kiume walimwogopa kuliko walivyomwogopa mwalimu wa kwaya.

"We kijana," angemwambia mtu hadharani, "shati lako limelala wapi jana? Maana kitandani halikulala."

Watu wangecheka, na kijana angekimbilia nyuma ya kinanda kuficha mikunjo.

Mama Pasi alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alikuwa fundi wa mabomba. Nasi tulimwita Fundi Bomba. Alikuwa mrefu, mwenye maneno mengi, na mama yake alipochelewa kupika alimtania, "Pasi Baridi leo, eh? Pasi Baridi, tunakufa njaa." Hakuna mtu mwingine aliyemwita hivyo. Lilikuwa jina la jikoni mwao.

Mtu wa tatu katika familia hiyo alikuwa mdogo wake Mama Pasi, aliyeuza vifungo, nyuzi na zipu katika duka jembamba kama kabati. Tulimwita Bi Vifungo. Hakujaliwa mtoto. Fundi Bomba alimwita mama mdogo, na ukiwakuta watatu hao mezani ungeshindwa kusema yupi ni mama na yupi ni mama mdogo, kwa jinsi wote wawili walivyokuwa wakimgombeza kwa pamoja.

Kijana huyo alifia dukani kwa mama yake mdogo. Tangi la maji lililokuwa juu ya paa lilikuwa linavuja, na Bi Vifungo alimwomba aje alizibe. Mvua ilikuwa imenyesha na mabati yalikuwa bado yanateleza. Bi Vifungo alishika ngazi. Fundi alimaliza kazi, akamrushia mama mdogo utani kutoka juu, akageuka ili ashuke, mguu ukateleza. Alianguka kichwa chini kwenye sakafu ya saruji, mbele ya macho ya mama yake mdogo.

Mazishi yalipita. Wageni walikwenda zao. Bi Vifungo alikuja kila jioni na chakula ndani ya bakuli lililofungwa kwa kitambaa.

"Dada, kula kidogo."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Umeshiba machozi? Haya, kijiko kimoja. Mbele yangu."

Mama Pasi angekula kijiko kimoja. Mdogo wake angekaa naye mpaka alale, na wakati mwingine wote wawili walilala kitanda kimoja kama enzi za utoto wao. Mtu yeyote aliyewaona wakati huo angesema kwamba msiba umewashona pamoja.

Aliyemwonyesha njia nyingine alikuwa mwanakwaya mwenzetu, mama aliyefiwa na mumewe. Hakuwa mtu mbaya. Alimkuta Mama Pasi kwenye ngazi za kanisa amejiinamia, akamnong'oneza kwamba kuna mwanamke mmoja, watu wanamwita Mfariji, anayewawezesha wafiwa kusema na watu wao.

"Mganga?" Mama Pasi aliuliza.

"Mganga! Toba! Mganga gani ana sanamu ya Bikira Maria sebuleni? Tunaanza na Baba Yetu, tunamaliza na Baba Yetu. Hakuna kuku, hakuna hirizi. Mimi mume wangu nimeongea naye. Ananiita vile vile alivyokuwa akiniita."

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na ni kosa ambalo mtu asiyesali asingeweza kulifanya. Angekuta mafuvu na vibuyu, Mama Pasi angekimbia huku akipiga ishara ya msalaba. Alikuta msalaba ukutani. Chumba kilikuwa ghorofani, juu ya duka la kutengeneza simu, kina vigae vyeupe, feni, viti vya plastiki na harufu ya sabuni ya sakafu. Mwanamke mmoja mpole aligawa maji ya kunywa kwa waliokuwa wakisubiri, akawauliza kwa sauti ya chini wamempoteza nani, na ilikuwaje. Watu walimsimulia. Mama Pasi naye alisimulia, akalia, akasimulia tena.

Mfariji mwenyewe alikuwa mama wa makamo aliyevaa nadhifu, mwenye rozari mkononi. Aliomba kofia ya marehemu aliyokuja nayo Mama Pasi, akaipakata, akasali, akafumba macho. Alipofungua kinywa sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu.

"Pasi Baridi," ilisema. "Mbona umekonda?"

Mama Pasi alishuka ngazi za ghorofa ile akiwa mwepesi kama aliyetua mzigo wa kuni. Alikula. Alicheka kazini. Aliyeona mabadiliko hayo alimshukuru Mungu, na yeye pia alimshukuru Mungu.

Tangu hapo alirudi tena na tena, na taratibu sala zake zilibadilika bila yeye kujua. Baada ya mazishi, kila alipokunja kitambaa, alisema, "Raha ya milele umpe, ee Bwana." Sasa hakuona sababu ya kumwombea mtu aliyezungumza naye wiki hiyo hiyo. Hakumwambia tena Mungu habari za mwanawe. Alimwambia mwanawe habari zake, na Mungu akabaki pembeni kama mwenye nyumba ambaye wageni wamesahau kumsalimu.

Kisha sauti ilianza kuuliza.

"Mama," ilisema siku moja, "nani alishika ngazi?"

Haikuongeza neno. Mama Pasi alirudi nyumbani na swali hilo, akalala nalo, akaenda nalo kazini. Safari iliyofuata sauti iliuliza, "Alikuwa anaangalia wapi?" Na tena ikanyamaza. Haikumtuhumu mtu. Iliacha uchungu wa mama umalizie kazi.

Jioni Bi Vifungo alipokuja na bakuli lake, alikuta mlango umefungwa kwa ndani. Kesho yake dada yake aliingia dukani mwake wakati mteja mmoja, fundi cherehani wa jirani, akichagua zipu.

"Ulikuwa unaangalia wapi?" Mama Pasi aliuliza bila salamu.

"Lini, dada?"

"Uliposhika ngazi."

Mkasi wa Bi Vifungo ulikuwa umeshauma utepe nusu. Ukasimama hapo hapo.

"Nilikuwa namwangalia yeye. Nilimwona tangu mguu ulipoteleza mpaka chini. Hata sasa nikifumba macho namwona. Kwa nini unaniuliza?"

"Uliachia ngazi."

"Mimi? Niachie? Dada, nani kakwambia maneno hayo?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwanangu."

Fundi cherehani aliirudisha zipu mahali pake taratibu na kutoka, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari. Wengine walisema Mama Pasi amechanganyikiwa. Wengine, na hawa ndio waliokuwa hatari zaidi, walianza kukumbuka kwamba Bi Vifungo hakuzaa, na kwamba watu wasiozaa huwa na jicho la husuda. Wateja walipungua. Watoto waliotumwa uzi waliambiwa waende duka la mbali.

Mama Pasi aliyaona hayo na hakumtetea mdogo wake. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Kitu kimoja tu kilimhuzunisha: sauti ilikuwa inafifia. Mfariji alisema kijana anakosa nguvu ya kuja, kwa sababu haki yake haijatendeka. Panahitajika kitu kilichogusa mambo matakatifu.

"Wewe si ndiye unayefua vile vitambaa?" aliuliza kwa upole. "Yale maji ya kwanza unayamwaga wapi?"

"Ardhini. Kwenye maua, nyuma ya sakristia."

"Unamwaga neema ardhini, mama, na mwanao ana kiu. Niletee kidogo. Mengine yamwage kizingitini kwa huyo aliyeshika ngazi. Kama hana kosa, maji ya Bwana yatamdhuru nini?"

Maneno yale yalisikika kama ya mtu wa imani. Jumamosi ile Mama Pasi aliloweka vitambaa kama kawaida, lakini alipomaliza alijaza chupa mbili. Aliyasema mwenyewe baadaye, kwamba mikono yake ilimkatalia, kifuniko kikamtoka mara mbili, na bado alikifunga.

Asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, alisimama mbele ya duka la mdogo wake na kuinamisha chupa. Maji yalitandaa kwenye saruji ile ile. Alikuwa hajamaliza wakati mlango ulipofunguliwa. Bi Vifungo alikuwa amelala dukani, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa imerushiwa mawe.

"Dada!" alisema, na uso wote ukamchangamka. "Umekuja. Nilijua utakuja tu. Ingia, ingia, nina chai..."

Kisha akaiona chupa. Akatazama chini, miguuni pake.

"Umemwaga nini mlangoni pangu?"

Mama Pasi aligeuka na kuondoka haraka, na nyuma yake akasikia sauti ya mdogo wake, haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtoto aliyepotezwa sokoni. "Dada? Dada, ni nini hicho?"

Ukafika mwezi wa kuwaombea marehemu. Waumini walipita sakristia, chumba cha kuvalia padre, baada ya Misa kumtajia paroko majina ya wafu wao ili awakumbuke altareni. Paroko wetu alikuwa padre wa makamo, mwenye kikohozi kisichoisha, asiyependa maneno mengi. Alimwona Mama Pasi anahesabu vitambaa kimya.

"Mama, hujanipa jina la kijana."

"Padre, huyo hana haja," alisema bila kuinua kichwa. "Yuko salama. Ameniambia mwenyewe."

Paroko alikuwa anavua stola, kile kitambaa kirefu cha shingoni. Mikono ilibaki shingoni.

"Amekuambia lini?"

"Jumanne."

Padre aliufunga mlango wa sakristia na kuvuta kiti. Hakupaza sauti. Alimuuliza, na Mama Pasi, ambaye hakuwa amewahi kuulizwa na mtu asiyekuwa na haraka, alieleza yote: ghorofa, kofia, ngazi, kiu. Alipofika kwenye maji alilitazama beseni la bati na kushindwa kuendelea, na paroko akaelewa. Uso wake ulisawijika. Alikohoa kwa muda.

"Nikuulize jambo moja," alisema hatimaye. "Katika siku zote hizo, kijana amewahi kukuomba umsalie? Hata Salamu Maria moja?"

Mama Pasi alifikiri.

"Hapana."

"Alikuomba nini?"

"Alitaka nijue... nijue aliyeachia ngazi. Na maji."

"Basi pima mwenyewe. Marehemu aliye njiani kwenda kwa Mungu anahitaji sala kuliko kitu kingine, na huyu hakuitaka. Alitaka umchukie mdogo wako, na alitaka kitu kitakatifu kuliko vyote ulivyowahi kushika. Huyo ni mwanao?"

"Lakini alijua jina, Padre! Pasi Baridi! Nani mwingine analijua?"

"Huenda ulilitamka pale kwenye viti, ukilia. Huenda hukulitamka. Mimi sijui, na sitakudanganya kwamba najua. Kuna ujanja wa watu, na kuna Mwovu. Lakini yule anayeitwa baba wa uongo hauzi uongo mtupu, mama. Nani angeununua? Anafunga uongo mkubwa ndani ya ukweli mdogo."

Watu wengi hudhani Kanisa linakataza mambo haya kwa sababu linaona wivu, au kwa sababu halijui uchungu wa kufiwa. Sivyo. Kanisa halimkatazi mtu kumlilia marehemu wake. Linamwambia amlilie, amtaje altareni kila siku akitaka. Linamkataza kumwita. Anayemwombea marehemu anamkabidhi kwa Mungu na kukubali kungoja. Anayemwita anataka kumchukua mikononi mwa Mungu, na akifungua mlango kwa ajili hiyo hana uwezo wa kuchagua atakayeingia. Msalaba ukutani haubadilishi jambo hilo. Unaufanya mtego uwe mzuri zaidi kwa wale wanaoupenda msalaba.

Mama Pasi hakubisha tena. Aliuliza kwa sauti ndogo:

"Nikiacha, sitamsikia tena?"

"Hutamsikia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Utamwombea, naye hatajibu. Kesho utamwombea tena."

Siku ya mazishi Mama Pasi alikuwa amelia kwa kelele kama wenzake. Siku hiyo alilia bila sauti, mdomo wazi, akiwa amekishika kiti cha padre kwa mikono miwili. Alikuwa anamzika mwanawe mara ya pili, na safari hii kwa mikono yake.

Yaliyosemwa baadaye katika kitubio hatuyajui. Tunajua aliondolewa dhambi, kwa kuwa alipokea Komunyo Jumapili iliyofuata, macho yamevimba. Tunajua pia kwamba kazi ya vitambaa ilipewa mtu mwingine kwa wakati huo, na kwamba Jumamosi alionekana amekaa kwenye benchi nje ya sakristia, mikono imelala mapajani haina la kufanya. Mwanakwaya aliyempeleka ghorofani alimsihi aache ukali, warudi wote. Mama Pasi alikataa. Alimsihi mwenzake aache naye, na mwenzake akamcheka: "Umeshashiba, sasa unatunyima sisi wenye njaa." Hawasalimiani mpaka leo.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote. Alikwenda dukani kwa mdogo wake mchana kweupe, watu wakiona, akapiga magoti juu ya saruji.

"Inuka," Bi Vifungo alisema. "Unawapa watu sinema. Ingia ndani."

Duka lilikuwa na vumbi. Masanduku ya vifungo yalikuwa yamefungwa kwa kamba, tayari kusafirishwa. Mama Pasi alieleza yote, hata maji, hata alikoyatoa. Mdogo wake alisikiliza akiwa amesimama.

"Nimekuelewa," alisema. "Ulikuwa na uchungu. Mimi pia nilikuwa nao, lakini wangu haukuwa na pa kwenda. Sasa nijibu kitu kimoja, halafu mengine tutayamaliza wenyewe kama ndugu. Pale walipokwambia niliachia ngazi. Ulisadiki?"

Mama Pasi alielewa anachoombwa. Neno moja lingetosha: hapana. Angesema kwamba alichanganyikiwa tu, kwamba moyoni hakuwahi kusadiki, na mdogo wake angemkumbatia hapo hapo. Bi Vifungo alikuwa ameshaanza kunyoosha mkono. Lakini Mama Pasi alikuwa ameishi miezi mingi akilishwa maneno aliyotamani kuyasikia, na alijua yalivyomfanya. Hakuweza kumlisha mdogo wake maneno hayo hayo.

"Nilisadiki," alisema. "Nisamehe. Nilisadiki kabisa."

Mkono ulirudi. Bi Vifungo alikaa juu ya sanduku, akajitazama vidole.

"Mimi nilimlea yule mtoto," alisema. "Nilimfunga viatu. Na wewe ulisadiki."

"Ndiyo."

"Asante kwa kutonidanganya." Alisema hivyo kwa uchovu, bila kejeli. "Sasa nenda, dada. Sijakufukuza. Siwezi tu kukutazama. Nikiweza nitakuita kwa simu."

Alihama wiki hiyo, akapanga chumba upande wa pili wa mji, karibu na parokia nyingine. Mama Pasi anajua nyumba ilipo. Hajaenda. Amejifunza, anasema, kwamba aliye hai pia hawezi kuvutwa kwa nguvu mtu anapomhitaji. Asubuhi kabla ya kwenda kwa dobi anapita kanisani, anapiga magoti benchi ya nyuma, anamwombea mwanawe, hajibiwi, kisha anamwombea mdogo wake. Simu yake huwa ameiweka juu ya benchi, mbele yake, sauti imefunguliwa, na sakristani, mtunza vyombo vya kanisa, ambaye ni mkali sana kwa wenye simu, amekubali kuiacha hivyo.